Mikesha mitatu Kikwajuni: banda lililomngoja Shedeur Sanders

Banda lenyewe halina kibao. Ukifika Kikwajuni Bondeni uliza "kwa Shangazi", mtoto yeyote wa mtaa atakupeleka mpaka mlangoni. Kuta za matofali zisizopigwa plasta, bati juu, khanga iliyochuja rangi imetundikwa pahala pa mlango. Ndani mna mabenchi sita, viti vya plastiki ishirini na kitu, televisheni kubwa ukutani na jiko nyuma ya ukuta wa makuti. Siku zote pale huangaliwa mpira wa Uingereza na ligi ya Bara, na likija Kombe la Mapinduzi mwezi wa Januari hapakaliki. Mimi nakwenda kwa jambo jengine. Tangu Aprili 2025 nakwenda kuangalia mpira wa Marekani, ule wa kushika mikononi, na naandika kwa sababu watu hawaishi kuniuliza kama hapa Unguja pana pahala mtu anaweza kuuangalia na wenzake, amekaa, ameshiba. Papo. Nalitunuku banda hili nyota nne, na ile ya tano nitasema imekwama wapi.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, Malindi hapa Unguja. Mpira huu niliingizwa na kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Cleveland, Ohio, mwaka wa kumi na sita sasa. Timu ya mji ule ni Browns, na kaka aliipenda kama mtu anavyompenda mzazi aliyelala kitandani miaka. Ubingwa wao wa mwisho ni wa 1964. Fainali kubwa, hiyo Super Bowl, hawajaikanyaga hata mara moja. Tangu kaka ahamie kule wameshinda mchezo mmoja tu wa mtoano, Januari 2021. Na kila Jumapili hunipigia kunihadithia. Sheria zote nimezijua kwa sauti yake kabla sijaziona kwa macho.

Sasa, kule mchezaji anayetoka chuo hajichagulii timu. Kila Aprili timu zote 32 hukutana, na iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza. Raundi saba, siku tatu. Wenyewe wanaita drafti. Nilipomwendea Shangazi wiki moja kabla, kumuomba atufungulie usiku, wazee waliokuwa wakinywa kahawa nje walidhani nataka mashindano ya dama, na mmoja akaniambia nimtie jina lake. Shangazi aliuliza swali moja tu.

"Kwa hivyo hawachezi? Wanakaa wanangoja kuitwa majina?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi hiyo ni posa, mwanangu. Posa siifungii mlango. Nileteeni watu kumi, kila mmoja shilingi elfu moja, chai juu yangu."

Tukapatikana kumi na wanne. Mimi, mpwa wangu, walimu wawili wa skuli, na waliobaki ni vijana wa mpira wa kikapu wanaofanya mazoezi uwanja wa Mao, ambao michezo ya Marekani wanaifuata kwenye simu kuliko hata mimi.

Aliyetukusanya ni kijana mmoja, Shedeur Sanders, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Colorado. Kwotabeki ndiye nahodha wa chombo. Kila mpira unaanzia mikononi mwake, ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani, na watu wenye uzito wa ng'ombe wanamjia. Baba yake Sanders ni Deion Sanders, mmoja wa walinzi wakubwa waliopata kucheza mchezo huu, na ndiye aliyekuwa kocha wake chuoni. Msimu wa 2024 kijana alirusha yadi 4,134 na tachidauni 37, yaani mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani, na katika kila mipira mia aliyorusha, 74 ilifika mikononi mwa mwenzake. Siku chache kabla ya drafti chuo kilistaafisha jezi yake namba 2. Watu wengi waliozoea kutabiri walisema hatotoka raundi ya kwanza bila ya kuitwa.

Kesha la kwanza lilikuwa Alhamisi tarehe 24 kuamkia Ijumaa. Green Bay, Wisconsin, kulikofanyika shughuli, ilikuwa saa moja jioni. Kwetu saa tisa usiku, na masika imeshika. Mvua ilianza dakika chache baada ya kukaa, na hapa ndipo nitoe kasoro ya kwanza ya banda: bati halina dari. Ikinyesha husikii kitu. Televisheni ilikuwa inafungua mdomo tu. Benchi la kwanza na la pili zinavuja, vijana wakawa wanasogea mpaka tukabanana kama mchele kwenye kipolo.

Mtoto wa Shangazi akaenda nyumbani akarudi na ubao wa chaki, ule wa kufundishia watoto madrasa, akauegemeza chini ya televisheni. Kushoto akaandika majina ya makwotabeki wanaosubiri, kulia timu zinazowahitaji. Kila aliyechukuliwa akamvutia mstari mpaka kwenye timu yake. Hakuna aliyemwambia afanye. Nimekaa mabanda mengi hapa mjini, mengine yana televisheni mbili zaidi na viti vya mito, sijaona mwenye banda aliyefikiria kwamba mteja asiyesikia anaweza kusoma. Ule ubao ndio nyota mbili kati ya zile nne.

Mstari wa kwanza ukavutwa mapema: Cam Ward wa Miami, chaguo la kwanza kabisa, Tennessee Titans. Wa pili hakuwa kwotabeki, lakini vijana waliruka, kwa sababu ni Travis Hunter, mwenzake Sanders pale Colorado. Browns walikuwa na haki ya chaguo hilo la pili wakawauzia Jacksonville. Kaka akanipigia kwa hasira, hata salamu hakutoa. Saints wa New Orleans walikuwa na la tisa, nao walihitaji nahodha. Wakachukua mtu wa ukuta, wale wanaosimama mbele kumkinga kwotabeki. Jina la Sanders likabaki.

Ilipoadhiniwa alfajiri Shangazi alizima sauti, akageuza ubao ukatazama ukutani, akasema atakayetaka aende, hakuna atakayepoteza kiti. Tukaenda msikitini na mvua yetu. Tuliporudi alikuwa ameshapanga mkate wa kumimina kwenye sinia na chai ya maziwa yenye hiliki, mkate uko moto, ule wa mayai na nazi uliowekewa makaa juu na chini mpaka ngozi inakuwa ya kahawia. Nimeshakula mkate wa kumimina wa kununua Darajani ambao unakwama kooni. Wa Shangazi unayeyuka. Tukala tukimtazama Pittsburgh, chaguo la 21. Wale walikuwa hawana kwotabeki wa kueleweka, na nusu ya banda iliapa kwamba ndipo hapo. Wakachukua mlinzi. Halafu New York Giants wakapanda mpaka la 25 kwa kubadilishana na Houston. Ukiona timu inalipa ili ipande, inamtaka mtu. Banda zima likasimama. Jaxson Dart, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Mississippi. Mtoto wa Shangazi akavuta mstari, taratibu, kama hataki.

Kumekucha tukatawanyika. Mpwa wangu alikuwa hajasema neno.

Lazima nimuelezee huyu, maana bila yeye haya ninayosema hayana uzito. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na tisa, golikipa. Mwaka juzi timu moja ya ligi ya juu ilimuita majaribioni wiki mbili. Kocha akamwambia asajiliwe kokote asikubali, akae na simu, atapigiwa kabla dirisha halijafungwa. Alikaa na ile simu siku tisa. Akienda kuoga anaiacha kwa mama yake. Dirisha likafungwa. Baadae tukaja kusikia kuwa walimuona mfupi. Hakuna aliyempigia hata kumwambia hilo.

Kesha la pili, Ijumaa kuamkia Jumamosi, lilianza saa nane. Watu tisa tu, wengine walishindwa na usingizi. Tyler Shough, kwotabeki mwengine, akaenda kwa Saints, chaguo la 40. Hapo kidogo umeme ukakatika. Shangazi ana jenereta, lakini liliwaka kwa tabu na moshi wake uliingia ndani tukakohoa, hilo nalo liandikwe. Wakati wa giza nikasikia mpwa wangu anaongea, kwa sauti ndogo, hajui namsikia: "Ana simu mkononi yule." Aliposema vile nikaelewa kwa nini ameacha kulala siku mbili kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Umeme uliporudi, Jalen Milroe, kwotabeki naye, alikuwa ameshakwenda Seattle kwa la 92. Halafu ikaja zamu ya Browns, la 94, na kwenye kioo likatokea jina la kwotabeki. Dillon Gabriel wa Oregon. Kaka alipiga simu, akakaa kimya, akakata. Raundi tatu zimekwisha, na kushoto kwenye ubao lile jina liko pale pale juu, kwa maana ndilo lililoandikwa la mwanzo.

Siku ya pili yake tukasikia kuwa usiku ule simu ya Sanders iliita. Alikuwa Texas na jamaa zake. Aliyepiga alijifanya ni mkubwa wa Saints, akamwambia wanamchukua, kisha akamwambia itabidi angoje zaidi kidogo. Ulikuwa mzaha. Aliyepiga ni mtoto wa kocha mmoja wa Atlanta Falcons, alikuwa ameiona ile namba kwenye kifaa cha baba yake. NFL, ligi yenyewe, ikaitoza timu faini ya dola 250,000 na kocha dola 100,000. Vijana wa kikapu walicheka mwanzo. Mpwa wangu aliondoka akatoka nje ya pazia, na wao wakaacha kucheka.

Sasa kesha la tatu, ambalo si kesha, maana raundi nne za mwisho zilianza kwetu saa moja usiku wa Jumamosi tarehe 26. Sikukuu ya Muungano, watu hawana kazi, habari imeenea mtaani kuwa kuna mtoto wa watu anakataliwa Marekani. Banda likajaa mpaka nje. Hapa ndipo ilipokwama nyota ya tano. Mlangoni tukaambiwa kiingilio ni elfu mbili. Shangazi, nakuheshimu, na nilikwambia usoni: waliokesha na wewe siku mbili za mvua hawakustahiki kupandishiwa bei siku ya tatu bila ya kuambiwa. Alinirudishia elfu yangu. Sikutaka nirudishiwe peke yangu.

Urojo wa usiku ule nitausema kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengine mtakwenda kwa huo tu na mpira hamna haja nao. Shilingi elfu mbili na mia tano bakuli. Uji wake wa ngano na manjano ni mzito wa kiasi, haukuganda wala haukuwa maji, na ukali wake ni wa embe mbichi ya kweli. Badia ndogo ndogo, kachori, viazi, chipsi za muhogo juu zikiwa bado zinalia zikitafunwa, mishkaki miwili, chatne ya nazi, na pilipili anakupa pembeni ujihukumu mwenyewe. Ila kachori zilikuwa za mchana. Zilipoa. Watu walipozidi jiko lake moja halikumudu, na mishkaki ya waliochelewa ilitoka na damu. Nendeni mapema.

Raundi ya nne ikapita bila ya jina lake. Wazee wa kahawa walikuwa ndani sasa, na mmoja wao aliyefundisha miaka mingi, tunamwita Maalim, akauliza kijana ana kosa gani. Kila mtu akawa na lake. Zilikuwa zimevuma habari kwamba timu nyengine hazikupendezwa naye kwenye mahojiano. Wengine wakasema ni baba yake, kelele zake nyingi. Nilisimama nikasema ninavyoona mimi kwa macho ya fundi, na sijabadilisha mpaka leo.

Sanders anarusha mpira kwa usahihi mkubwa, na haogopi kupigwa. Lakini katika miaka miwili ya Colorado aliangushwa na mpira mkononi mara 94. Nusu ya lawama ni ya ukuta wake mbovu. Nusu ni yake: hakubali kwamba mchezo umeharibika, anarudi nyuma, nyuma tena, akitafuta mtu, mpaka yadi tano za hasara zinakuwa kumi na tano. Mkono wake una nguvu ya wastani, hana mbio za kutisha. Mtu wa namna hiyo si mbovu hata kidogo, lakini anataka chombo chake.

Mwaka jana mteja aliniletea mashine mpya ya farasi 40 nimfungie kwenye boti ya faiba nyembamba iliyozoea 15. Nikakataa. Akafungiwa na mwengine. Omo ikawa inaangalia mbingu, ubao wa tezi ukapasuka, na mashine ikaingia maji. Malindi nzima ikasema mashine ile ni mbovu, mpaka mwenyewe akaiuza kwa bei ya kutupa. Niliisafisha, nikabadilisha propela, nikaifunga kwenye boti pana ya wavuvi wa dagaa. Inatoka kila giza la mwezi mpaka hivi leo. Kwa hivyo nilimwambia Maalim kuwa namba atakayoitwa inanisumbua kwa ajili ya fedha tu, na fedha si ndogo, kwani Cam Ward alikuja kusaini zaidi ya dola milioni 48 kwa miaka minne na huyu akasaini milioni nne na nusu na ushei. Kinachonitisha ni chombo atakachofungwa.

Na ndipo likaitwa. Raundi ya tano, Browns wakawapa Seattle machaguo mawili, la 166 na la 192, wakapanda mpaka 144. Shedeur Sanders, Cleveland. Banda lililipuka kwa makelele, Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani pana ugomvi. Mtoto wake akavuta ule mstari wa mwisho, mrefu kuliko yote, kutoka juu kabisa kushoto mpaka chini kulia. Kaka kwenye simu alikuwa analia au anacheka, sikuweza kutofautisha. Mpwa wangu alimnyang'anya mtoto chaki akaandika 144 pembeni.

Mimi nilifurahi, na roho ilikuwa nzito pia. Tazameni chombo chenyewe. Mbele yake Joe Flacco, wa miaka 40, aliyewahi kuwa mchezaji bora wa Super Bowl. Kenny Pickett. Deshaun Watson, majeruhi lakini mshahara wake unahesabiwa. Na Gabriel, waliyemchukua jana yake, raundi mbili kabla. Makwotabeki watano kwenye chumba kimoja. Kocha wao wa wakati ule, Kevin Stefanski, alizoea mchezo wa kwotabeki kusimama mgongoni kwa mtu wa kati, anapokea mpira mkono kwa mkono, anajifanya anampa mkimbiaji. Sanders chuoni alizoea kusimama nyuma yadi kadhaa akaona uwanja wote. Na mtu anayeangushwa sana anataka ukuta, ambao Browns msimu ule wa 2025 ulikuja kuandamwa na majeruhi. Ungenipa mimi kufunga ile mashine, nisingeifunga pale.

Nilikuwa sahihi nusu. Msimu ulipoanza Septemba alikaa benchi hata hazungumzwi. Pickett aliuzwa, Flacco akaanza, mambo yakaharibika, Oktoba nafasi akapewa Gabriel, na Flacco wakamuuza Cincinnati. Banda la Shangazi miezi ile lilikuwa na watu wanne siku ya Browns, na yeye alitufungulia vile vile, kwa elfu moja ile ile. Hilo nalihesabu. Tarehe 16 Novemba Gabriel aliumia kichwa dhidi ya Baltimore, Sanders akaingia kipindi cha pili, akafikisha mipira minne kati ya 16. Vibaya. Wiki iliyofuata, Las Vegas, dhidi ya Raiders, akaanza yeye. Kwetu mchezo ulianza baada ya saa sita usiku. Alirusha yadi 209, Browns wakashinda 24 kwa 10, ingawa haki ni haki, ulinzi ndio ulioshinda mchezo ule: Myles Garrett na wenziwe walimwangusha kwotabeki wa Raiders mara kumi.

Lakini mchezo nitakaoukumbuka kwa banda hili ni wa tarehe 7 Disemba, Cleveland, Browns na Tennessee. Chaguo la kwanza na chaguo la 144, uwanja mmoja. Ilikuwa saa tatu usiku tu kwa hivyo watoto walikuwepo, na Shangazi alikuwa ameshajirekebisha: bango dogo mlangoni limeandikwa bei mapema, elfu moja, jiko la pili limeongezwa, kachori za moto. Dari bado. Ubao wa chaki ulikuwa pahala pake, na mistari ya Aprili ilikuwa haijafutwa. Nilimuuliza mtoto wake kwa nini. Akasema mama amekataza.

Sanders alirusha yadi 364 siku ile. Tachidauni tatu za kurusha, moja kaikimbia mwenyewe. Kaka alikuwa uwanjani kwenye baridi, akitutumia video zinazotikisika. Browns walikuwa nyuma sana wakarudi mpaka 31 kwa 29, wakahitaji pointi mbili kusawazisha, zile zinazotafutwa kwa mpira mmoja tu baada ya tachidauni. Na kwa mpira ule mmoja, uliobeba mchezo wote, wakamtoa Sanders nje, wakampelekea mpira mkimbiaji Quinshon Judkins moja kwa moja. Haukwenda popote. Wakafungwa.

Sijaona banda likinyamaza vile. Maalim alivua kofia akaiweka gotini. Ninachosema kuhusu chombo kisichomfaa ni kile kile: una nahodha aliyekuvusha bahari nzima, na unapoingia bandarini unampokonya usukani. Inawezekana Stefanski alikuwa na sababu zake na mchezo ule waliufanyia mazoezi. Mimi sikubaliani nae na sitokubali.

Mpwa wangu hakukasirika kama mimi. Hivi sasa anadakia timu ya kijiji huko Kaskazini, daraja la chini, nauli anatoa mwenyewe. Kocha wa kule anataka golikipa anayejua kuanzisha mpira kwa miguu, na miguu ndiyo aliyonayo. Krosi bado zinampita kichwani. Amecheza kila mchezo tangu aende. Alinyanyuka, akaokota kipande cha chaki, akaandika 364 pembeni ya ile 144, akamuuliza Shangazi kama limebaki bakuli la urojo, maana kesho yake alikuwa na mazoezi ya asubuhi.

Drafti ya 2026 ilipangiwa Pittsburgh, tarehe 23 mpaka 25 Aprili, na Shangazi ameshakubali. Masika itakuwepo tena. Kaeni benchi la tatu, upande wa jikoni. Pale hapavuji.